Springi fupi kwenye Impreza: kazi ya uani na kazi ya gereji

Swali: Fundi, asalaam aleikum. Niko Likoni, Mombasa, nina Subaru Impreza saluni ya 2005. Nimepata springi fupi, mpya, za kuteremsha gari milimita 30, nne zote. Ndugu yangu ana jeki na spana za kutosha, na kibano cha springi tunaweza kuazima. Tunataka kuzifunga wenyewe nyumbani. Fundi wa mtaani ananicheka, anasema nimetupa pesa, yeye angekata springi zangu za zamani kwa grainda na gari ingeshuka vilevile. Je, kazi hii naiweza? Na gari itapita feri?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kazi unaiweza, isipokuwa sehemu moja, na hiyo nitakuomba uipeleke gereji. Lakini kwanza tumalizane na habari ya grainda, kwa maana ushauri huo umezagaa mji mzima na unaumiza watu.

Kwenye Impreza yako magurudumu yote manne yana shokapu iliyovikwa springi. Springi imekaa kati ya sahani mbili, ya chini iko kwenye mwili wa shokapu na ya juu iko chini ya maunti, yaani kile kishikizo cha juu kinachoifunga shokapu kwenye bodi. Ncha ya springi imetengenezwa ilale sawa kwenye sahani na kuegemea ngazi ndogo iliyomo humo. Ukikata mzunguko mmoja, ncha hiyo imekwenda. Inabaki ncha ya mshazari inayogusa sahani mahali padogo, na springi imekuwa fupi kuliko nafasi iliyoachiwa. Gari ikiingia shimo na gurudumu likaning'inia, springi inalegea, inazunguka, na pengine hairudi mahali pake. Ni kweli kwamba springi iliyopungua mizunguko huwa ngumu zaidi, ila ugumu huo hakuna aliyeupima, na mkono wa grainda haukati nne zikalingana. Springi fupi ya kiwandani imekusudiwa tangu mwanzo kuwa ngumu kiasi fulani, kwa sababu nafasi ya kusafiri juu na chini imepungua.

Kuna na wale wanaopasha springi moto kwa gesi mpaka ijikalie chini. Hiyo ni mbaya zaidi. Chuma cha springi kilipata unyumbufu wake kiwandani kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo. Kikipashwa tena kikawa chekundu, unyumbufu huo umepotea. Springi itaendelea kuzama, au itavunjika siku umebeba watu wako. Pesa zako hukuzitupa.

Sasa feri. Impreza ya miaka hiyo husimama karibu sentimita 15 kutoka ardhini. Ukitoa tatu unabaki na kumi na mbili, na hiyo ni gari tupu. Weka watu wanne na mizigo upungukiwe tena. Wewe unayeishi Likoni unajua rampu haina mwinamo mmoja: maji yakijaa feri hupanda na rampu karibu inalala, maji yakipwa feri hushuka na pale rampu inapokutana na saruji panafanyika pembe. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Kilindini hupita mita 3, kwa hiyo maji makavu ya bamvua ndiyo saa yako ya hatari. Kitakachogusa kwanza ni mdomo wa bampa ya mbele, kisha bomba la ekzosi katikati. Milimita 30 zinapita kwa mwendo wa polepole. Mtu akija kukuuzia za milimita 50 au zaidi, mkatalie, labda uwe umeamua kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyopita feri, kila siku ya maji makavu. Na matuta ya mitaani yaliyojengwa na wakazi wenyewe usiyasahau, maana hayo hayana kipimo wala rangi.

Kuna sababu nyingine ya kutozidisha, na vijana wengi hawaambiwi. Mkono wa chini wa gurudumu la mbele, yaani chuma kinachoshikilia gurudumu kwa chini, ukiutazama gari ikiwa imesimama, huanzia katikati ya gari na kushuka kidogo kuelekea gurudumuni. Ukiteremsha gari kidogo, mkono unakaribia kulala sawa. Ukizidisha, upande wa gurudumu unakuwa juu. Hapo gari yenye shokapu za namna hii inalala zaidi kwenye kona ingawa iko chini, kwa sababu ile nukta inayoizungukia gari ikilala hushuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Pia gurudumu likipanda tuta linajigeuza kidogo bila wewe kugusa usukani. Utaona gari imependeza, lakini haishiki barabara kama zamani.

Tuingie kazini. Siku moja kabla, safisha bolti zote za shokapu kwa brashi ya waya na uzipulizie dawa ya kutu. Hewa ya chumvi ya hapa kwetu hukamata bolti vibaya, na bolti ikikatikia ndani utapoteza siku nzima. Kabla hujainua gari, pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Bila namba hizo hutajua gari imeshuka kiasi gani wala kama imekaa sawa.

Kama ua wenu ni wa mchanga, msiweke jeki juu ya mchanga mtupu. Tafuteni ubao mnene na mpana, au fanyeni kazi hii kwenye saruji ya jirani. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari ikishapanda ikae juu ya stendi mbili za chuma, magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vizuizi, na mtu asiingize hata mkono chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake. Mawe na matofali si stendi. Tofali hupasuka bila kutoa ishara.

Anzeni mbele. Ondoa gurudumu, kisha fungua kibanio cha mpira wa breki na cha waya wa ABS vilivyoshikwa kwenye shokapu. Shokapu imeungana na nako, yaani chuma kinachobeba gurudumu, kwa bolti mbili nene. Ile ya juu kwenye Subaru si ya kawaida: shina lake lina sehemu iliyotokeza upande mmoja makusudi, na ukiizungusha inabadilisha mwinamo wa gurudumu. Kabla hujaigusa, chora alama kwa rangi kwenye kichwa cha bolti na kwenye shokapu, ili uirudishe ilipokuwa. Bolti zikitoka, nako itataka kuangukia nje. Ifunge kwa kamba au waya mgumu, kwa sababu ikivutika sana inaweza kuchomoa jointi ya ndani ya ekseli. Mwisho fungua nati tatu ndogo zilizo juu, ndani ya boneti, spana namba 12, huku ndugu yako ameishika shokapu kwa chini. Ile nati kubwa ya katikati iache. Usiilegeze hata robo mzunguko. Hiyo ndiyo inayozuia springi isiruke.

Nyuma, gari ikishawekewa stendi nyingine mbili, ni karibu vilevile, ila nati za juu utazifikia kwa kutoa kiti cha nyuma.

Sasa una shokapu nne nzima sakafuni. Hapa ndipo nakuomba usimame, uzipakie kwenye buti la gari ya mwenzio, uzipeleke gereji yenye mashine ya kubana springi iliyofungwa ukutani au kwenye meza. Springi iliyobanwa kiasi cha kuachia maunti imebeba nguvu ya mamia ya kilo. Vile vibano vya kuazima vya skrubu mbili, ambavyo vimezunguka mitaa yote na meno yameshalika, huteleza kwenye mzunguko wa springi. Vikiteleza, springi inatoka kwa kasi ambayo huna muda wa kuikwepa, na fundi anayeshika shokapu huwa ameiinamia. Gereji yenye mashine hiyo itamaliza zote nne kwa muda mfupi, na malipo yake ni kidogo ukilinganisha na bei ya springi zenyewe. Mimi kazi ya gari naipenda kuifundisha, na napenda kijana afungue gari yake mwenyewe. Hili tu sitakuelekeza ulifanyie nyumbani.

Ukiwa gereji, usikae nje ukinywa chai. Simama uangalie mambo haya. Springi za mbele na za nyuma hazifanani, kila moja ina namba yake, na maandishi yake yasomeke wima, yasiwe kichwa chini. Ncha ya springi iguse ngazi ya sahani. Raba za juu na chini zirudishwe, na zilizopasuka zibadilishwe. Raba ya kuzuia kugonga, iliyo kwenye fimbo ya shokapu, ikatwe tu ikiwa mtengenezaji wa springi ameandika hivyo, na kwa urefu alioandika. Beringi ya maunti za mbele izungushwe kwa mkono: ikikwaruza, usiirudishe, maana usukani utakuja kupiga kelele. Nati ya katikati isifungwe kwa bunduki ya upepo huku fimbo inazunguka bure, kwani sili ya mafuta itaumia.

Na shokapu zenyewe? Kama zinavuja mafuta, au ukisukuma fimbo ndani haina ukinzani, usiweke springi mpya juu yake. Gari ya 2005 ikiwa bado na shokapu ilizokuja nazo, ningekushauri ungoje upate shokapu mpya ufunge vyote pamoja. Springi fupi huifanya shokapu ifanye kazi karibu na mwisho wa safari yake, na iliyochoka haitavumilia.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, lakini kuna jambo moja wanaofungia nyumbani hulisahau. Bushi za mikono ya chini, mbele na nyuma, ni raba iliyoshikana na chuma. Zilikazwa kiwandani gari ikiwa na kimo chake cha zamani. Ukiteremsha gari bila kuzigusa, zitakaa zimejisokota saa zote, na zitachanika kabla ya wakati wake. Kwa hiyo legeza bolti za bushi hizo, shusha gari, isukumesukume ijikalie, kisha zikaze uzito ukiwa juu ya magurudumu. Bolti za nako na za bushi zikazwe kwa toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa vipimo vya kitabu cha gari. Nati za magurudumu ni kati ya niutonimita 90 na 110. Angalia pia mpira wa breki haukujisokota: zungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, utazame.

Kutoka hapo gari iende alaimenti, yaani ikapimwe na kurekebishwa jinsi magurudumu yanavyoelekea, na njiani uende taratibu. Kuteremsha gari hubadilisha mwinamo wa magurudumu na pia mwelekeo wake, na huo mwelekeo ndio unaokula tairi haraka. Nimeona tairi mpya zikiisha upande wa ndani mpaka waya unaonekana, mwenyewe hajui kwa sababu upande wa nje bado una meno mazuri. Pima taa pia, zisije zikamwangaza anayekuja mbele au zikaishia karibu mno. Na iarifu kampuni ya bima kwa maandishi kwamba umebadilisha springi, usiwape sababu ya kukataa kulipa.

Springi mpya hujikalia kidogo baada ya kutembea. Ukishafikisha kama kilomita mia mbili, kaza tena bolti zote kwa toki renchi, pima tena madigadi pembe nne, ulinganishe na namba ulizoandika mwanzo. Pembe moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya sentimita moja, angalia kwanza kama ncha ya springi imekaa kwenye ngazi yake, na kama hukubadilisha ya mbele kwa ya nyuma. Springi za zamani usizimpe yule fundi wa grainda. Zipake mafuta, uziweke stoo. Siku ukitaka kuuza gari, wanunuzi wengi wataiuliza ikiwa kwenye kimo chake.