Usimpe msanii hiyo milioni 3 bado

Mkuu, umeuliza kama milioni 3 ulizotenga kuitangaza sabuni yako ya maji umpe msanii mmoja mwenye wafuasi laki sita Instagram awe balozi. Nakuomba usimpe kwanza, nikusimulie yaliyonikuta.

Nilikuwa afisa masoko wa kampuni ndogo ya mafuta ya alizeti. Kiwanda kilikuwa Singida, soko tukilitafuta Dar es Salaam. Tukamchukua muigizaji anayefahamika, picha nne na video mbili kwa mwezi. Video ya kwanza ilitazamwa sana, nami nikakesha nasoma maoni: "dada umependeza", "gauni umeshona wapi", mwingine anauliza filamu mpya inatoka lini. Aliyeulizia mafuta alikuwa mmoja, akitaka bei, na hatukumjibu mpaka kesho yake mchana. Hilo lilikuwa kosa letu, yule dada hana lawama. Mwezi ulipoisha hatukuweza kusema kama aliuza hata dumu moja, maana hatukuwa tumeweka namna yoyote ya kujua.

Mambo yalibadilishwa na mama lishe wa Buguruni, mteja wetu wa siku nyingi. Alizoea kuweka status WhatsApp kila asubuhi akikaanga samaki. Siku hiyo akasogeza simu karibu na karai, watu wakaona mafuta yametulia, hayafuri povu. Simu ya oda ililia mpaka jioni, na wapigaji walimtaja yeye. Mnunuzi wa mafuta anaogopa povu, harufu na kuchakachuliwa. Hofu hiyo haiondolewi na mtu aliyeshika chupa studio; inaondolewa na mtu anayepikia mafuta hayo kila siku na ambaye wateja wanajua kibanda chake kilipo.

Tukaongeza wengine kumi na mmoja: mama lishe, wakaanga chipsi, viongozi wa vikoba. Kila balozi alikuwa na neno lake ambalo mteja analitaja akiagiza, na kamisheni kwa kila ndoo ya lita 20, tukilipa kila Jumamosi kwa simu. Hapo ndipo nilipojua nani anauza na nani anapendwa tu. Mwanzoni niliwaandikia na maneno ya kusema. Yule mama akanirudishia karatasi: "Mwanangu, wateja wangu wanajua ninavyoongea." Sikuandika tena. Niliwaomba tu wasifiche kwamba wanalipwa.

Kisha likaja la kuumiza. Mzigo mmoja wa madumu ulikuwa na vizibo vibovu, yakavuja njiani. Aliyetukanwa ni balozi, kwenye kundi lake la kikoba, kabla sisi hatujapata habari. Nilipanda bajaji nikaenda mwenyewe, tukabadilisha kila dumu siku ileile. Lile jina amelijenga kwa miaka mbele ya majirani zake, na sisi tulikaribia kulichafua kwa kizibo. Kabla hujamweka mtu mbele, hakikisha sabuni yako ina alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na ujazo haupungui.

Utanitajia Eliud Kipchoge, mwanariadha aliyetangaza magari ya Isuzu kule Kenya. Sawa, lakini Isuzu ni jina ambalo watu walilijua miaka mingi, na mkimbiaji wa kilomita 42 anaoana na gari linalosifiwa kwa uvumilivu. Sabuni yako bado haijulikani hata mtaa wa pili.

Mimi ningeanza na dobi, waosha magari na akina mama wa saluni. Wape sabuni bure wiki mbili, wachague wenyewe kama wanaitaka. Sehemu ya hela mlipe kijana wa kujibu meseji ndani ya dakika chache, mpaka usiku. Namba za wateja ziandike kwenye daftari lako. Mtandao wa X, zamani Twitter, ulifungwa hapa kwetu Mei 2025, na aliyekuwa na wateja wake huko tu alibaki anatafuta pa kuwapata. Ukifika kwa msanii baadaye, mpelekee dumu nyumbani kwake kwanza, umuulize dada anayefua pale anaionaje.