Gunia 110 kwenye Fuso? Usitume hela kwanza

Mkuu, nimefika pale ulipoandika "Fuso ya ekseli mbili, gunia 110 za vitunguu, Ruaha Mbuyuni hadi Dar, mara mbili kwa wiki" nikaacha chai ipoe. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyonimaliza mimi.

Nani kakwambia gunia ni kilo 100? Dalali, si ndiyo? Wangu naye alisema hivyo hivyo, kalamu sikioni kama mhasibu. Gari tupu tani 7, mzigo tani 11, jumla 18, na 18 ndiyo mwisho wa sheria kwa gari ya ekseli mbili, yaani mihimili miwili ya magurudumu, mbele na nyuma. Raha tupu! Kumbe gunia zenyewe lumbesa, zimejazwa kupita mdomo, kila moja limevaa kilemba, linagonga kilo 130. Zidisha mwenyewe. Tulizidi tani 3 na ushee, na wapakiaji walikuwa wamerundika nyuma kana kwamba mbele kuna nyoka.

Mizani ya Mikumi, ile ya kupimia malori barabarani, haina ujomba. Wanapima kila ekseli peke yake: mbele mwisho tani 8, nyuma yenye tairi nne tani 10. Faini nikalipa, halafu kilichozidi shusha. Nishushie wapi? Chini, mwezi wa nne, mvua inanyesha. Mwenye Canter, lori dogo la kubebea kilichozidi, alivyouona uso wangu akataja bei ya kukodi gari la harusi. Siku mbili pale. Vitunguu vilivyolowa vilifika Dar vinanuka, mnunuzi akavipokea kwa nusu bei na masimango juu. Aliyepata faida safari ile ni utingo, alikula chipsi mayai zangu asubuhi na jioni.

Na yule dalali aliyeniambia "mizani ni watu, tutaongea nao"? Hapatikani hadi leo. Kamisheni alishachukua mapema, mshenzi yule.

Kwa hiyo usihesabu gunia, PIMA. Nenda na mizani ya kuning'iniza, chagua gunia kumi wewe mwenyewe, siyo zile watakazokusogezea, kisha gawa tani 11 kwa wastani utakaoupata. Kwa kilo 130 zinaingia 84, na hata hizo usizifikishe. Wakati wa kupakia usiende kula, simama hapo hapo uone zinavyosambazwa.

Umeuliza pia bima, waliokata watakujibu. Na mzigo wa kurudi nao? Mimi nilirudi na basi.