Mdhamini Mmoja Amekuwa Wawili

SWALI: Habari dada. Mimi ni katibu wa chama chetu hapa Githurai, tuko watu 18. Nimeandika programu ya Python yenye klasi mbili (violezo vya kutengenezea vitu), Mwanachama na Mkopo. Kila mkopo umebeba mkopaji na mdhamini wake, nami nauhifadhi kwa pickle, chombo cha Python cha kuweka vitu kwenye faili, kila mmoja katika faili lake peke yake. Mwezi jana mama mmoja aliyedhamini mikopo miwili alibadilisha namba ya simu. Nikairekebisha kwenye mkopo wa kwanza, lakini wa pili bado unaonyesha ile ya zamani. Tena nilipoongeza barua pepe kwenye klasi ya Mwanachama, mikopo ya zamani ikaanza kuleta hitilafu. Nifute nianze upya?
Katibu, Githurai

JIBU: Usifute chochote, katibu. Hizo ni pesa za watu.

Kabla sijajua kompyuta nilikuwa karani wa duka la vipuri Kirinyaga Road, nikiandika leja ya madeni. Tulikuwa na Kamau wawili, wote mafundi wa Grogan. Siku moja nikamwandikia Kamau wa matatu deni la beringi za Kamau wa lori, na jioni dukani hapakukalika. Mzee mwenye duka alinifunulia leja akanionyesha pembeni: kila mteja alikuwa na namba ya ukurasa. Tangu hapo risiti zangu zote zilibeba namba, jina likawa pambo tu.

Programu yako haina namba hiyo. Ikiwa inaendeshwa, mama ni mmoja kwa sababu yuko mahali pamoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na mikopo yote miwili inamwelekea hapo. Ukizima, mahali hapo hapapo tena. Pickle ikihifadhi mkopo hufuata kila kitu ulichokishika na kukiandika humo humo, mama akiwemo. Ungeiweka mikopo yote miwili pamoja kwa mkupuo mmoja, angebaki mmoja. Kwa mafaili mawili, umempiga fotokopi.

Na ile barua pepe? Pickle inaporudisha kitu, kwa kawaida haipitii __init__, ile sehemu ya klasi inayoandaa kitu kipya. Inarudisha sifa zilizokuwepo siku ya kuhifadhi, basi. Wanachama wa zamani hawajapata habari kwamba klasi imebadilika.

Hamia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa katika faili moja. Huna haja ya seva wala ya kulipa mtu. Python huja nayo tangu toleo la 2.5. Tengeneza jedwali la wanachama, kila mmoja na id yake, halafu jedwali la mikopo lenye mkopaji_id na mdhamini_id. Simu ya mama itakaa mstari mmoja tu. Malipo na salio viandike ndani ya muamala mmoja, ili stima zikipotea katikati visibaki nusu nusu. Shilingi ziweke kama namba kamili, si desimali.

Jambo moja lililonitoa jasho: kwa kawaida SQLite haikagui kama mdhamini_id inamwelekea mtu aliyepo. Lazima uandike PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho. Mimi nilikaa wiki nzima na mikopo iliyodhaminiwa na hewa.

Wengine watakushauri utumie SQLAlchemy, maktaba ya Python, ikugeuzie mistari ya jedwali kuwa vitu. Ni chombo kizuri, na ndani ya kikao kimoja mstari mmoja hukupa kitu kilekile kimoja. Lakini kwa watu 18, andika SQL, lugha ya hifadhidata, kwa mkono kwanza.

Kuhama kwenyewe: nakili mafaili yote kwenye flashi. Usibadilishe jina la klasi bado, kwani pickle huitafuta kwa jina hilo. Fungua faili moja moja, barua pepe isome kwa getattr(m, "barua_pepe", None), inayorudisha None pale isipokuwepo, na fotokopi uziunganishe kwa namba ya kitambulisho. (Faili la pickle ukitumiwa na mtu usiyemjua, usilifungue, linaweza kuendesha amri yoyote ile kwenye mashine yako.) Simu zikigongana, programu haitajua ipi ndiyo ya sasa. Zipige zote mbili.