Saa za Wateja Hazitoshi: Nihame Kituo au Nivumilie?

SWALI: Ninasomea shahada ya uzamili ya ushauri nasaha nchini Marekani, katika programu yenye ithibati ya CACREP, chombo kinachoidhinisha programu za ushauri nasaha. Nimekuwa katika kituo cha mafunzo kwa vitendo kwa wiki 12 na nimepata saa 52 tu za kuwahudumia wateja, ilhali zimebaki wiki 18. Msimamizi wangu ni mwema na hunifundisha vizuri, lakini kila nikimuuliza hunijibu kwamba wateja wataongezeka. Je, niondoke?

JIBU: Ndugu msomaji, viwango vya CACREP vinataka saa 600 katika hatua hiyo ya mafunzo, na kati ya hizo angalau 240 ziwe za kuwahudumia wateja moja kwa moja. Zimekubakia saa 188, yaani zaidi ya 10 kila wiki, wakati hadi sasa umekuwa ukipata 4 na kidogo. Pengo hilo halizibiki kwa kusubiri, hata kama anayekuomba usubiri anakutakia mema.

Hata hivyo, usiamue kabla hujajua saa zinapotelea wapi. Fungua daftari lako la saa na uandike, kwa wiki mbili zijazo, kila miadi uliyopangiwa, mteja aliyefika na ambaye hakufika. Mteja wa saa tisa asipotokea, ule muda uliokaa ukimsubiri hauhesabiwi kuwa huduma ya moja kwa moja, na mwanagenzi mwenye ratiba iliyojaa anaweza kumaliza wiki akiwa na saa 3. Kama wengi hawafiki, au kama wewe huja asubuhi na wateja wenye ajira huja jioni, tatizo ni la ratiba na linatibika. Kama wateja wapya hupewa waajiriwa kwanza, au hawapo kabisa, kubadili ratiba hakutasaidia.

Ukiwa na daftari hilo, mwombe msimamizi akutajie idadi ya wateja atakaokukabidhi na lini, na uulize kama unaweza kuongoza kikundi pamoja na mshauri mwingine, kwa kuwa saa za kikundi nazo huhesabiwa. Mwandikie mratibu wa mafunzo chuoni siku hiyohiyo. Wanafunzi wengi humficha mratibu wakiogopa kuonekana walalamishi, na hilo linanisikitisha, kwa sababu ndiye anayejua kama unaweza kuongezewa muda au kuruhusiwa kituo cha pili.

Kwa maoni yangu, kituo cha pili ndicho njia bora kwako: utabaki na msimamizi mzuri, ambaye si rahisi kumpata, na utapata saa kwingine. Ningekushauri uhame kabisa iwapo mratibu atakataa mpango huo na ahadi ya wateja isitimie ndani ya wiki tatu.

Ukihama, usitoke kabla kituo kipya hakijathibitishwa kwa maandishi na saa zako 52 hazijatiwa saini. Kanuni za maadili za Chama cha Ushauri Nasaha cha Marekani za mwaka 2014 zinakataza kumtelekeza mteja, kwa hiyo waeleze wateja wako mapema, fanya kikao cha kuagana na kila mmoja, na ukubaliane na msimamizi ni nani atakayewapokea.