Nitatokaje ghorofa ya nne king'ora kikilia?

SWALI: Ninatumia kiti cha magurudumu, na ofisi yetu iko ghorofa ya nne. Katika zoezi la kuondoka jengoni lililofanyika karibuni, wenzangu walishuka kwa ngazi, nami nikaambiwa nibaki mbele ya lifti hadi zimamoto watakapofika. Msimamizi wa jengo anasema huo ndio mpango wangu. Je, unatosha?

JIBU: Hautoshi, na kasoro yake kubwa ni mahali ulipowekwa. Lifti ya kawaida haitumiwi wakati wa moto kwa sababu umeme unaweza kukatika ikiwa njiani, moshi hupanda kupitia shimo lake, na milango yake inaweza kufunguka kwenye ghorofa ile ile inayoungua. Mahali halisi pa kusubiri ni pale palipotengwa kwa kuta na milango ya kuzuia moto na moshi, mara nyingi kando ya ngazi, penye nafasi ya kiti chako bila kuwazibia njia wanaoshuka, na penye chombo cha kuzungumza na walioko chini. Hata huko hupaswi kuachwa tu: lazima mtu anayejulikana kwa jina apewe wajibu wa kuwaeleza zimamoto, mara wafikapo, uko ghorofa gani na upande gani.

Omba mpango wako binafsi, ulioandikwa, na ushiriki kuutunga, kwa maana hakuna anayeujua mwili wako kuliko wewe. Eleza kama unaweza kuhamia kiti kingine bila msaada, namna unavyopaswa kushikwa, na mahali penye maumivu. Wataje wasaidizi wawili au zaidi pamoja na wa akiba, kwani msaidizi aliye likizoni hamsaidii mtu.

Viko viti maalumu vya kushukia ngazi, vyenye mikanda inayoteleza juu ya vidato huku ikipunguza kasi, ili aliyefunzwa aweze kukiongoza bila kukibeba. Baada ya shambulio la bomu la mwaka 1993 katika World Trade Center, New York, viti vya namna hiyo vilinunuliwa, na tarehe 11 Septemba 2001 mfanyakazi mmoja aliyepooza alishushwa na wenzake kwa kimojawapo kutoka ghorofa ya 69. Hata hivyo, kiti kilichotundikwa ukutani bila mtu yeyote kukifanyia mazoezi ni pambo tu.

Kama kiti chako ni cha mota, wasijaribu kukubeba ukiwa ndani yake. Baadhi huzidi kilo 100 hata kabla hujakikalia, na sehemu za kuwekea mikono na miguu zinaweza kuchomoka zikishikwa. Jambo linalosahauliwa mno ni kwamba kiti chako kitabaki juu, hivyo mpango useme utakalia nini ukishafika nje.

Msimamizi akiliona ombi lako kuwa ni fadhila, mkumbushe kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 11, unazitaka nchi wanachama kuhakikisha usalama wa watu hao katika hali za hatari. Kisha, katika zoezi lijalo, wasaidizi waanze kwa kumshusha mwenzao, wakishazoea wakushushe wewe ukiridhia, na muda uliotumika uandikwe ndani ya mpango.