Dawa za kuzuia moto kwenye plastiki: zinazosaidiana na zinazogombana

Kwenu mnaoanza kazi ya kuchanganya plastiki Themi au Unga Limited hapa Arusha: kabla ya kuuliza dawa ipi ina nguvu, ulizeni inavumilia joto gani. Haidroksaidi ya alumini, dawa inayopoza moto kwa kuachia maji, huanza kuyaachia kwenye nyuzijoto 200 hivi. Polipropilini, plastiki ya viti na ndoo, huyeyushwa kwa 190 hadi 230, kwa hiyo maji hutoka humo humo mashinini na plastiki hutokeza ina mapovu kama sifongo. Haidroksaidi ya magnesi huvumilia hadi 300 hivi, ila hudai zaidi ya nusu ya uzito wote, na bidhaa inakuwa nzito tena rahisi kuvunjika.

Jozi nyepesi zaidi ni amonia polifosfeti na pentaerithritoli. Ikiungua, ya kwanza hutoa asidi, asidi huigeuza ya pili kuwa mkaa, na gesi huumua mkaa huo kama andazi mpaka uifunike plastiki. Kwa kilo 10 anzeni na polipropilini kilo 7, polifosfeti kilo 2.25, pentaerithritoli gramu 750. Joto lisipite 200, dawa zisije zikaanza kazi mapema. Chukueni polifosfeti ya aina ya II. Ya aina ya I huyeyuka kirahisi kwenye maji, na masika ya huku mnayajua.

Kinachoharibu sana jozi hii ni kalsiamu kaboneti, ule unga mweupe wa kupunguzia gharama. Hula asidi, mkaa hauumuki, plastiki inadondoka matone ya moto. Hata msipoitia wenyewe, huingia na viti vya plastiki vilivyosagwa. Chomeni kipande cha mzigo huo mpaka kiishe, nje, upepo ukiwapa mgongo. Polipropilini safi haiachi majivu ya kuonekana. Yakibaki meupe, yadondosheeni siki: yakichemka mapovu, mzigo huo usiingie.

Kupima, ning'inizeni kipande cha milimita 125 kwa 13 wima, pamba chini yake kwa milimita 300, feni imezimwa. Kiguseni kwa moto wa milimita 20 kwa sekunde 10, kikizimika, rudieni. Daraja la V-0, lililo gumu zaidi katika jaribio hili la wima, hutaka kila mwako baada ya kuondoa moto usizidi sekunde 10, vipande vitano kwa pamoja visizidi 50, na pamba isiwake. Lakini Arusha tuko mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi, moto huwaka kwa unyonge kuliko Dar es Salaam. Kipande kinachozimika sekunde ya 9 hapa msikipitishe. Ongezeni dawa mpaka kizimike kwenye 4 au 5.