Mtoto hashibi? Hesabu nepi kwanza

Mama mkwe alisimama mlangoni na kibakuli cha uji mwepesi wa mahindi, kijiko kimo ndani. "Mwanangu, huyu mtoto ana njaa. Maziwa yako maji matupu."

Mwanangu wa kwanza alikuwa na siku 19. Nilikuwa nimekaa kitandani tangu magharibi, na sasa saa nne usiku inakaribia. Akiachia ziwa, dakika kumi haziishi anageuza shingo, anahangaika, anatafuna ngumi zake. Nikatazama kibakuli, nikatazama titi lililolegea, nikaona mama anasema kweli.

Uji sikumpa, namshukuru Mungu. Lakini nilipobaki peke yangu nikakamua kwenye kikombe ili nijihakikishie, ikatoka kama kijiko kimoja cha chai. Nililia. Kesho yake baba watoto akatumwa duka la dawa kununua maziwa ya kopo, na wiki ile tukala dagaa mfululizo.

Kopo lilifanya kazi, ndiyo balaa lake. Mtoto alilala usingizi mzito, nyumba nzima ikapumua, na kila mtu akasema si unaona, alikuwa na njaa. Nisichokijua ni kwamba ziwa halitunzi maziwa kama pipa. Linatengeneza kadiri linavyonyonywa, na kila chupa niliyompa ilikuwa zamu moja ambayo ziwa halikuguswa. Baada ya siku chache maziwa yalipungua kwelikweli.

Siku ya 28 tukaenda kliniki. Alizaliwa na kilo 3.1, siku ya saba alikuwa 2.9, na kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Sasa mizani ilisoma 3.2. Mwezi mzima, gramu mia! Na kopo juu. Nilikuwa nalipima kwa uchoyo ili lidumu, siri hiyo nesi aliitoa kwangu kwa swali moja tu. Swali la pili ndilo lililonishinda: "Anakojoa mara ngapi kwa siku?"

Sikujua. Kulia kwake ningeweza kukusimulia saa kwa saa. Nepi nilikuwa nafua tu.

Akaniambia nimnyonyeshe pale pale kwenye benchi. Alitazama kidogo, akaingiza kidole chake, kilichooshwa, pembeni mwa mdomo wa mtoto, akamtoa. Chuchu ilitoka imebanwa kama ncha ya lipstiki, na nyufa zake zote. "Huyu ananyonya chuchu. Chuchu haina maziwa, mama." Akamgeuza mtoto mzima anielekee, tumbo kwa tumbo, pua ikatazamana na chuchu. Tukasubiri. Alipopanua mdomo kama anayepiga miayo, nesi akamsogeza upesi kwenye ziwa, kidevu kikazama, mdomo wa chini ukabinuka nje. Maumivu yaliyokuwa yananifanya nikaze meno wiki tatu yakatulia. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: anameza. Kh, kh, kh, anapumzika, kh.

Kosa langu la pili lilikuwa saa ya ukutani. Nilikuwa nambadilisha ziwa kila dakika tano, eti haki sawa. Maziwa ya mwanzo ni mepesi, mafuta huongezeka kadiri ziwa linavyokwisha. Muache amalize la kwanza mpaka aachie mwenyewe, ndipo umpe la pili. Kopo hatukulikata siku moja: kwanza ziwa, kisha kidogo kwa kikombe, tukipunguza. Wiki iliyofuata alikuwa na kilo 3.4.

Sasa zile jioni. Hazikuisha hata baada ya kurekebisha mkao, na hapa ndipo kina mama wengi wanaponiandikia wakiwa wamekata tamaa. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, wakati mwingine zaidi, na si kwa kupangilia. Wengi hurundika jioni. Kwenye wiki ya pili au ya tatu, kisha ya sita, anaweza kung'ang'ania siku mbili tatu bila kupoa. Nesi yule alisema, "Anaagiza maziwa ya kesho." Ukimpa, ziwa linaitikia.

Kwa hiyo usimpime kwa kilio, wala kwa ulaini wa titi, wala kwa kikombe cha kukamulia. Kuanzia kama siku ya tano, nepi sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24, mkojo mweupe. Na kadi ya kliniki: awe amerudia uzito wa kuzaliwa karibu na wiki mbili, kisha apande. Maji usimpe kabla ya miezi sita, hata kwa joto la Dar. Maziwa yako yenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Wewe ndiye unywe. Mtori na supu ya pweza kula kwa raha zako, lakini bila mtoto kunyonya havijazi ziwa.

Nepi zikiwa chache, mkojo ukiwa wa rangi ya chai, akiwa mlegevu, haamki kunyonya, ana homa, macho ya njano au utosi umebonyea, usisubiri ushauri wa mtu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Wa pili alipozaliwa, mama mkwe alikuja tena kuniangalia uzazi. Jioni ya wiki ya tatu mtoto akaanza yale yale, na mimi nikajiandaa kwa kibakuli. Sikukiona. Nilimsikia uani, anaanua nepi kwenye kamba, anazihesabu kwa sauti ili nisikie: "Nane! Na hiyo aliyovaa bado."